Kuhusu zile picha za chanjo pale eapoti

Kwa Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mimi ni muuguzi huku Voi, gazeti lenu nalisoma nikiwa mapumziko ya zamu, nikikosa la karatasi nasoma kwenye simu ya mwenzangu. Juzi nimeiona ile picha ya balozi ameshika upande mmoja wa boksi la dawa, mkubwa wa serikali yetu kashika upande wa pili, wote macho kwenye kamera, nyuma yao bango la bendera mbili. Picha kama ile tumeiona mara ngapi? Tangu corona ya 2020 nimeizoea, na mimi ndo nilikuwa nayapokea hayo maboksi huku mwisho wa safari, yakishafika hayana bango wala balozi, ndo maana nimeona niandike.

Ninalo neno moja tu. Nchi ikileta msaada wakati wa ugonjwa inataka tuipende, na hapo sioni ubaya, hata jirani akikuletea uji ukiwa umelala anataka mkae vizuri baadaye. Ila yule jirani akileta uji asubuhi halafu jioni akakufungia njia ya kwenda kisimani, wewe utakumbuka kisima. Mataifa makubwa mengi yalitufanyia hivyo wakati wa corona, na sisi wenyewe wa Afrika Mashariki tukafanyiana hivyo hivyo, na mpaka leo naona hakuna anayelitaja.

Nianze na pale kituoni. Mwaka 2021 tulikuwa tunachanja chini ya turubai, viti vya plastiki vimepangwa mbali mbali. Chanjo ya AstraZeneca kichupa kimoja kina dozi 10, na ukishakifungua una saa 6 tu, zikipita unatupa kilichobaki. Kwa hivyo unahesabu watu kwanza, wakiwa watano unawaomba wasubiri wafike tisa, kumi, ndo ufungue, na huko kusubiri ndo maongezi yanaanza. Swali lilikuwa lile lile kila siku, hii ya leo ni ya nani? Wachache sana waliuliza inafanyaje kazi mwilini, wengi walitaka kujua imetoka nchi gani, ya Wahindi, ya Wazungu, ya Wachina, ya Wamarekani, kama vile wanachagua timu. Mzee mmoja kutoka Mwatate alikuja na kofia yake na bakora, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaniambia mwanangu hebu nipe hicho kichupa nisome. Nikampa. Akavaa miwani, akakigeuza geuza, akasoma jina la chanjo, nambari ndogo ndogo, na tarehe ya kuisha muda. Akauliza, bendera yao iko wapi? Nikamwambia baba, bendera ilibaki Nairobi kwenye boksi kubwa, huku tunaletewa vichupa tu kwenye sanduku la barafu. Akanirudishia, akakunja mkono wa shati, akasema basi dunga, ila hiyo tarehe iko karibu.

Maneno ya yule mzee nayakumbuka sana, manake aliona kwa miwani yake ile jambo ambalo wakubwa walikuja kulisema rasmi baadaye.

Chanjo za kwanza Kenya zilishuka Machi 2021, dozi milioni moja na kidogo kupitia COVAX, ule mpango wa dunia wa kugawia nchi chanjo, zimetengenezwa Pune, India, na kiwanda cha Serum Institute. India mwenyewe wakati huo alikuwa amekwisha anza mpango wake wa kugawa chanjo kwa nchi nyingine tangu Januari, anauita Vaccine Maitri, maitri kwao ni urafiki. Bhutan na Maldives walipata mwanzo mwanzo, halafu nchi nyingi tu, na kwa kweli jina la India lilipanda. Halafu wimbi la corona aina ya Delta likawapiga, wakafunga kuuza chanjo nje, na sisi huku tukabaki na watu waliodungwa dozi ya kwanza wanakuja kila siku kuuliza ya pili, na mimi sina, serikali ikasogeza kutoka wiki 8 mpaka wiki 12 na bado sina. Unajua nini? Sikusikia mtu hata mmoja chini ya lile turubai akimlaumu Mhindi. Kila mtu alikuwa ameona kwenye tivii watu wanakufa mlangoni kwa hospitali kwa kukosa oksijeni, kuni za kuchomea maiti zimeisha. Tulijua jirani hana uji tena.

Na hapo ndo Kenya ilifanya jambo ambalo mimi nadhani ndilo jambo zuri kuliko yote iliyofanya mbele ya mataifa wakati wa corona, na nashangaa hata hapa nyumbani watu hawalijui. Mwishoni mwa Mei 2021 nchi yetu iliipelekea India tani 12 za majani ya chai, kahawa na njugu, mazao ya hapa hapa, wakakabidhiwa Msalaba Mwekundu wa India ili zigawiwe jimbo la Maharashtra. Balozi wetu kule wakati ule, Willy Bett, alitoka New Delhi akaenda mpaka Mumbai kukabidhi, na akaeleza kwamba ni kwa ajili ya wale wanaokesha kuokoa maisha ya watu, wapate kitu cha kuwaburudisha. Kuna waliodhihaki mitandaoni ati India nchi kubwa hivi inaletewa njugu na Kenya, na kuna Wahindi wenyewe waliowajibu na kuwanyamazisha. Mi nilipoisoma habari ile nilikuwa zamu ya usiku na machozi yalinitoka, manake naijua chai ya saa tisa usiku. Unatoka kwenye wodi umevaa yale mavazi ya plastiki tangu saa moja, jasho limekauka mwilini, barakoa imekuchora mashavu, unakaa kwenye ngazi za nje, mtu anakuletea kikombe. Wala hamwongei. Aliyefikiria kutuma chai kwa watu wa namna hiyo alikuwa amewahi kukaa na mgonjwa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na sisi tulitoa tukiwa wenyewe tunasubiri dozi ya pili isiyojulikana inakuja lini.

Sasa linganisha na Waingereza, na nawataja kwa yale yanayojulikana tu. Aprili 2021 waliiweka Kenya kwenye orodha nyekundu ya usafiri, yani wasafiri wengi wa kutoka huku wanazuiwa, serikali yetu ikakasirika ikajibu kwa masharti yake, mambo yakawa mabaya kati ya nchi ambazo kila siku zinaitana marafiki wa zamani. Mwezi wa saba Rais Uhuru Kenyatta akaenda London, tukaahidiwa dozi 817,000, sehemu ya kwanza ikashuka mwisho wa mwezi ule ule, picha zikapigwa. Nikafurahi, nikadunga. Halafu Septemba wakatoa sheria mpya za kuingia kwao, na ikaonekana kwamba mtu aliyechanjwa Kenya anahesabika kama hajachanjwa kabisa, akifika lazima akae karantini siku 10. Yani sindano yao wenyewe, iliyopanda ndege kutoka kwao, nikiidunga mimi Voi inakuwa haijadungwa! Ubalozi wao na wizara yetu ya afya wakatoa taarifa ya pamoja kutuliza watu, na mpaka Oktoba ndo cheti cha Kenya kikakubaliwa. Ilichukua wiki chache tu kurekebishwa, najua, lakini mimi niliumia kama muuguzi. Tatizo lao halikuwa dawa, walikuwa hawaamini karatasi yetu, na karatasi ile ina sahihi ya mtu kama mimi. Huwezi kunipa zawadi kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili unaniambia mimi ni mwongo. Wanafunzi waliokuwa wanajiandaa kwenda kusoma kule walikuja kituoni kuniuliza, sista, sasa tufanye nini? Sikuwa na jibu la kuwapa.

Wachina nao waliwahi kuliko wote. Machi 2020, wakati hatujui hata tunapigana na nini, mfanyabiashara Jack Ma alituma vifaa kwa nchi zote 54 za Afrika, kila nchi vipimo 20,000, barakoa 100,000, mavazi ya kinga 1,000, yakashukia Addis Ababa na ndege za Ethiopian zikasambaza. Ile ilikuwa akili kubwa, kuwapa kazi Waethiopia kusambaza, manake Afrika ikajiona inajisaidia yenyewe. Barakoa wakati huo zilikuwa dhahabu na mimi siwezi kuudharau msaada ule. Lakini haukupita hata mwezi, Aprili, zikaanza kufika video za Guangzhou, Waafrika wanatolewa kwenye nyumba walizolipia kodi, hoteli zinawakataa, wanalala kando ya barabara na mabegi yao, wanapimwa kwa lazima kwa sababu tu ni Waafrika. Mabalozi wa Afrika kule Beijing wakaandika barua ya pamoja kulalamika, jambo ambalo si la kawaida kabisa. Mwaka uliofuata, Septemba, zilipofika dozi 200,000 za Sinopharm kutoka China, mama mmoja wa vitenge hapa Voi ambaye ndugu yake huenda Guangzhou kununua mzigo aliniuliza kama iko nyingine, akasema ile hapana. Nilimweleza kwamba ni chanjo iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani, nikamwambia yote ninayojua. Akasema sista sikatai dawa, nakumbuka ndugu yangu alilala wapi. Akaja siku nyingine akachanjwa ya kampuni nyingine. Hebu niambieni, milioni ngapi za shilingi za matangazo zingemrudisha yule mama?

Hiyo tarehe ya yule mzee wa Mwatate sasa. Mei 2021 Malawi ilichoma dozi 19,610 zilizoisha muda, Desemba mwaka ule Nigeria ikaharibu zaidi ya milioni moja pale Abuja, na duniani wakaanza kusema Waafrika hawataki chanjo, wanazitupa. Wachache walisema kwamba nyingi zilikuwa zimefika zikibakiza wiki chache, kuna zilizobakiza chini ya hapo. Novemba 2021 Africa CDC (kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa), COVAX na wale wa mpango wa Afrika wa kununua chanjo walitoa tamko la pamoja, wakasema wazi misaada mingi inakuja kwa kushtukiza, taarifa ya siku chache, tarehe imekaribia, na bila sindano. Muulize muuguzi yeyote maana yake nini. Maana yake simu inakuja Alhamisi, chanjo zipo, mmalize kabla ya mwisho wa mwezi, huna gari, huna mafuta, hujatangaza msikitini wala kanisani, watu wako mashambani. Congo nao walipokea dozi milioni 1.7 Machi 2021 wakaona hawatawahi, wakarudisha milioni 1.3 zikapewa nchi nyingine. Na Sudan Kusini, nchi ambayo tumezoea kuionea huruma, iliona haitamaliza zake ikatoa 72,000, zikaja Kenya. Zile mi nazihesabu kama msaada wa heshima kabisa, walizitoa kabla hazijaharibika, kwa anayeweza kuzidunga. Sikumbuki kuona gazeti lolote limeweka picha ya boksi lile ukurasa wa mbele, na ningependa nyinyi mngeiweka.

Wajerumani sitawaacha. Kabla hata ya corona walikuwa wanafadhili Jumuiya ya Afrika Mashariki kupitia benki yao ya KfW kupata maabara za kwenye magari, za kupimia vitu kama Ebola, na 2020 magari 9 yakagawiwa kwa nchi wanachama pamoja na mafunzo kwa watu wa maabara wetu wenyewe. Msaada uliowahi kuja kabla ya janga na ukabaki baada ya kamera kuondoka, huo ndo wa kuigwa.

Sasa tujiseme wenyewe, na hapa ndo naumia zaidi kuliko kwa Mwingereza. Kaka yangu ni dereva wa malori, Mombasa kwenda Tanzania, Rwanda, mpaka Congo, miaka mingi. Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka na Tanzania, ikaacha mizigo tu na dereva lazima apimwe. Upande wetu tukawa tunasema madereva wa Tanzania wamekutwa na kirusi, upande wao wakawapima upya wakasema hawana, tunawaharibia jina. Hapo hapo wao wakaanza kuzuia malori ya Kenya. Kaka alilala siku nane kwenye lori kwenye mpaka mmoja, sitautaja, hakuna choo cha maana, wanapika chini ya trela, ana cheti cha kipimo mfukoni na cheti chenyewe kinaisha siku ya 14, akihesabu siku kama mtu anayehesabu pesa za dawa. Alinipigia akaniambia, dada, hawa wa upande wa pili ni watani zangu, tunakula pamoja miaka yote, leo wananikimbia kama mimi ndo ugonjwa. Na wenzake Watanzania upande huu walikuwa wanaambiwa vile vile. Agosti 1 mambo yakapanda angani, Kenya imetoa orodha ya nchi zinazoruhusiwa kuingia na Tanzania haimo, Tanzania ikazuia Kenya Airways isitue, halafu na mashirika mengine madogo ya Kenya, mpaka katikati ya Septemba. Watu wanaosema lugha moja, wanaooana, wanaozikana! Kijiji cha upande huu na kile cha upande ule wanateka maji mto mmoja.

Na wakati huo huo tukaona Tanzania imetuma ndege Madagascar, waziri wao wa mambo ya nje wakati ule, Kabudi, mwenyewe kaenda Mei 2020, kuchukua ile dawa ya mitishamba ya corona ya Rajoelina, rais wa kule wakati ule. Madagascar nayo ilikuwa inafanya diplomasia, inagawa chupa kwa nchi za Afrika, na watu wengi walijisikia fahari na mimi siwalaumu, fahari tuliihitaji. Ila kama muuguzi nasema waziwazi, dawa isiyopimwa vizuri haifai kutumwa kwa ndugu. Ile nguvu ya kwenda mpaka Madagascar ingetumika mpakani kwetu Namanga siku moja tu, mawaziri wa afya wawili wakapimwa pamoja kwa maabara moja mbele ya madereva, mambo yangekwisha.

Ilibidi tungoje mpaka Mama Samia alipokuja Nairobi Mei 2021 akalakiwa kwa heshima, na moja ya mambo waliyokubaliana na Rais Uhuru ni mawaziri wa afya wakae walitatue hili la vipimo na malori. Kaka yangu aliniambia mpaka ulibadilika wiki zile, askari walianza kusalimia. Hakuna boksi lililotolewa hapo.

Kwa nini nayaleta haya leo? Kwa sababu hayajaisha. Julai 31, 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox, ile iliyokuwa inaitwa monkeypox, Kenya alitangazwa hapa kwetu, mpakani Taveta, dereva aliyetoka Uganda anapita Kenya kuelekea Rwanda. Aina ile ya ugonjwa ilikuwa imetokea Kamituga, Kivu Kusini kule Congo, mji wa machimbo ya dhahabu ambako watu wanasema Kiswahili kama sisi, na watoto wa Congo walikuwa wanakufa kwa mpox muda mrefu huku chanjo zikiwa zimelala kwenye maghala ya nchi tajiri. Agosti 14 WHO ikatangaza dharura, na Septemba 5 ndo dozi za kwanza, karibu 99,000 za Umoja wa Ulaya, zikatua Kinshasa. Na picha zilikuwepo. Nilimtazama yule waziri wa Congo kwenye tivii nikawaza tarehe ya kwenye kichupa.

Taveta walifanya kazi nzuri siku ile, walimwona mgonjwa, wakampima, wizara ikatangaza bila kuficha, na sikusikia nchi jirani ikifunga mpaka kwa hasira. Kumbukeni Afrika Kusini Novemba 2021, wanasayansi wao walisema ukweli kuhusu aina mpya ya corona, Omicron, na zawadi yao ikawa kufungiwa ndege na Ulaya na Marekani ndani ya siku mbili tatu. Ukimwadhibu anayesema ukweli, mwingine atanyamaza, na akinyamaza mimi ndo nitampokea mgonjwa bila glavu za kutosha.

Kwa hivyo Mhariri naomba mambo mawili kupitia gazeti lenu. Kwenu nyinyi, siku nyingine mkiletewa picha ya boksi, mwandishi wenu aulize zinaisha muda lini, zimekuja na sindano, na je, nchi hiyo inakubali cheti kitakachoandikwa na muuguzi wa hapa. Mtuandikie majibu chini ya picha, hata mistari miwili. Na kwa serikali zetu mbili, Nairobi na Dodoma, mkubaliane leo wakati hakuna ugonjwa mkubwa, kipimo cha maabara ya Kenya kikubalike Tanzania na cha Tanzania kikubalike Kenya, dereva asipimwe mara mbili umbali wa mita mia, na mkiwa na dozi za ziada jirani apate kwanza kama Sudan Kusini walivyotufanyia. Anzeni na mpaka wa Taveta na Holili, pale kaka yangu anapita wiki ijayo. Maafisa wa afya wa Kenya na wa Tanzania pale wanakaa jengo moja, meza zinatazamana.

Muuguzi,
Voi, Taita Taveta